Ramani ya Vyoo

Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa na ramani ya Dar es Salaam ambayo haimo katika tasnifu yangu. Nasoma shahada ya uzamili ya mipango miji, na ramani ndiyo kazi yetu ya kila siku: barabara, mifereji, makazi, vituo vya daladala. Hii nyingine niliichora kichwani tu. Ilikuwa ramani ya vyoo. Nilijua kati ya Mbezi na Ubungo ni vituo vipi vya mafuta ambavyo mlinzi wake anakuacha upite bila maswali. Nilijua ni msikiti upi Kariakoo ambao milango ya vyoo vyake haifungwi kati ya adhuhuri na alasiri. Nilijua stendi ipi wanatoza shilingi mia mbili na ipi mia tatu, na sikutoka nyumbani bila sarafu mfukoni, maana mtu aliyebanwa kama nilivyokuwa nikibanwa hana muda wa kusubiri chenji.

Nilikuwa naharisha damu. Ilianza mwaka wangu wa mwisho wa shahada ya kwanza, kidogo, nikadhani ni bawasiri. Kisha ikawa mara tano kwa siku, kisha mara nane, na usiku pia. Katika zahanati ya mtaani walipima choo wakaniambia nina amiba, wakanipa Flagyl. Nikapata nafuu wiki mbili. Iliporudi walipima damu, wakasema ni taifodi. Nikapata nafuu tena. Kwa jumla niliambiwa nina amiba mara nne na taifodi mara tatu, na kila mara nilipona kidogo. Sasa najua kwa nini. Ugonjwa huu una tabia ya kuja na kuondoka wenyewe, kwa hiyo dawa yoyote unayomeza siku unapoondoka ndiyo inayopewa sifa.

Aliyeukamata alikuwa daktari bingwa wa mfumo wa chakula, kwa kamera nyembamba iliyoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Wanakiita kipimo cha kolonoskopia. Siku moja kabla yake unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, jambo ambalo kwangu lilikuwa kama kumwagia maji mtu aliyekwisha lowa. Alichukua vipande vidogo vya nyama kutoka ukuta wa utumbo, akaviagizia maabara, na hakutaka kusema neno mpaka majibu yarudi. Baadaye nilielewa subira yake. Kuna magonjwa mawili makuu ya familia hii. Mmoja ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Unaweza kushika popote, kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Kwa macho unafanana sana na kifua kikuu cha utumbo, na katika nchi ambayo kifua kikuu bado ni cha kila siku, daktari mwangalifu hakurupuki. Wa pili ndio wangu: kolaitisi ya vidonda. Huu hukaa kwenye utumbo mpana peke yake, unaanzia chini kabisa na kupanda juu, na unaunguza ngozi laini ya ndani. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wageni, inamgeukia mwenye nyumba. Kwa nini inafanya hivyo, bado hakuna mwenye jibu kamili.

Nilimpigia mama simu Tanga nikamwambia nina vidonda kwenye utumbo. Mama alisikia vidonda vya tumbo. Kati ya tumbo na utumbo kuna herufi moja tu, lakini herufi hiyo ilinigharimu mwaka mzima wa ushauri. Vidonda vya tumbo kila mtu anavijua, na kila mtu ana dawa yake. Mama alinitumia kwa basi unga wa mizizi. Shangazi alisema juisi ya kabichi asubuhi kabla ya kula. Mwenye nyumba wangu alinikataza maharage na machungwa. Mwenzangu darasani aliniambia niache mawazo. Nilishukuru wote, nikaendelea kutembea na sarafu.

*

Dawa ya kwanza ilikuwa sulfasalazini, vidonge vinane kwa siku, vinavyogeuza mkojo rangi ya chungwa. Ni dawa ya zamani. Daktari mmoja wa Sweden, Nanna Svartz, alikuwa akitafuta tiba ya maumivu ya viungo, ikaonekana inawafaa wenye kolaitisi. Ipo nyingine mpya zaidi, mesalazini, ambayo ndiyo ile sehemu yake inayofanya kazi bila ile inayoleta kichefuchefu, lakini bei yake ilikuwa ya watu wengine. Ilinisaidia miezi mitano.

Ya pili ilikuwa prednisoloni, ya jamii ya steroidi. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Uingereza, Truelove na Witts, walithibitisha kwa majaribio kwamba kotisoni, ndugu yake, inawatuliza wagonjwa wa kolaitisi. Kabla ya hapo shambulio kali liliua wengi. Nilianza na miligramu 40, nikipunguza tano kila wiki. Siku ya kumi damu ilikata. Sijawahi kupenda kidonge kama nilivyokipenda kile. Nililala usiku kucha kwa mara ya kwanza ndani ya mwaka, ingawa baada ya wiki mbili dawa yenyewe ikaninyima usingizi. Uso ukavimba ukawa duara kama sahani. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza: “Umenenepa bwana, Dar imekukubali!” Nilicheka nao. Ningewaambia nini? Kwamba mwaka ule nilipokuwa mgonjwa zaidi ndio mwaka niliosifiwa afya kuliko wakati wowote?

Tatizo la prednisoloni ni kwamba huwezi kuishi nayo. Inakula mifupa, inapandisha sukari. Na kila niliposhuka hadi miligramu 15, damu ilirudi. Ndipo ikaja ya tatu, azathioprini, ambayo hupunguza nguvu za kinga ya mwili taratibu. Inachukua hata miezi mitatu kabla ya kuonyesha kazi, na muda wote huo unapima damu ili kuhakikisha haijashusha chembe nyeupe wala kuumiza ini. Nilisubiri. Nilihesabu wiki ukutani kama mfungwa.

Nieleze jinsi nilivyokuwa nikifikiri siku hizo, kwa sababu ndilo kosa lililonifanya niandike haya. Niliziona tiba zangu kama ngazi. Chini kabisa kulikuwa na vidonge, juu kabisa kulikuwa na kisu. Kila daktari aliponipandisha kipandio, nilihisi nimefeli mtihani. Sikuwahi kujiuliza naishi vipi katika kipandio nilichopo. Nilikuwa nimeacha kula mchana siku za vipindi. Nilikuwa nimekataa kwenda Bagamoyo na wenzangu kwa kazi ya uwandani kwa sababu sikuijua njia yake. Nilikuwa nimeachana na msichana niliyempenda bila kumwambia sababu. Haya yote niliyaona kuwa afadhali, maadamu sijakatwa.

*

Muhula wa pili wa uzamili nililazwa. Nilikuwa naenda chooni mara kumi na nne kwa siku, mapigo ya moyo yanakimbia hata nikiwa nimelala, damu yangu imeshuka hadi saba. Wanafunzi wenzangu sita walikuja kunichangia damu. Watu ambao sikuwahi kuwaambia naumwa nini walikuwa wamekaa kwenye benchi wamekunja mikono ya mashati.

Niliwekewa hidrokotisoni kwenye mshipa. Kila asubuhi eksirei ya tumbo, kuangalia kama utumbo mpana unatanuka, kwa kuwa ukitanuka kupita kiasi unaweza kupasuka. Na pembeni ya kitanda kulikuwa na karatasi ambayo muuguzi alichora kistari kila nilipotoka chooni. Sikujua vile vistari vina uzito gani. Watafiti wa Oxford walionyesha mwaka 1996 kwamba mgonjwa ambaye siku ya tatu ya sindano hizo bado anaenda zaidi ya mara nane, kwa asilimia 85 ataishia kwenye upasuaji kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya tatu nilikuwa na vistari kumi na moja. Daktari alivihesabu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Madaktari hawakai kitandani bila sababu.

Akanipa njia mbili. Ya kwanza ni infliksimabu, dawa ya dripu inayoikamata kemikali moja ya mwilini inayochochea uvimbe. Marekani iliidhinishwa kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998 na kwa kolaitisi mwaka 2005. Unapewa ya kwanza, ya pili baada ya wiki mbili, ya tatu wiki ya sita, kisha kila wiki nane, bila mwisho unaojulikana. Kwanza lazima upimwe kifua kikuu, maana inaweza kukiamsha kilicholala. Inaweza kuuokoa utumbo wangu, inaweza isiuokoe. Njia ya pili ni kuutoa utumbo mpana sasa, kabla haujapasuka, na kuutoa mwisho wa utumbo mwembamba nje kwenye ngozi ya tumbo, choo kiingie kwenye mfuko.

Bima yangu ya mwanafunzi haikugusa infliksimabu. Upasuaji iliulipia sehemu kubwa. Ili nipate dozi tatu za mwanzo tungeuza kiwanja alichotuachia baba, na baada ya hapo tungeuza nini? Nimesoma simulizi nyingi za wagonjwa ambao waliamua kwa busara, wakapima faida na hasara. Mimi nusu ya uamuzi wangu ilifanywa na bei, na sitaki kuipamba.

Mama alifika kutoka Tanga usiku huo na dada yangu. Asubuhi daktari wa upasuaji alimchorea nyuma ya fomu ya maabara: huu utumbo mwembamba, kama mita sita, ndio unaokulisha, huu mpana, mita moja na nusu, kazi yake kubwa ni kunyonya maji na chumvi. Mtu anaishi bila huu wa pili.

“Na choo kitatokea wapi?” mama aliuliza.

Daktari aliweka kidole kwenye tumbo lake mwenyewe, kulia, chini kidogo ya kitovu.

Mama alinyamaza. Aliangalia dirishani kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hakumuuliza daktari. Aliniuliza mimi. “Na sala?”

Lilikuwa ni swali langu pia. Nilikuwa nalo tangu jana na niliona haya kulitamka, mtu mwenye shahada, karibu na kifo, anauliza habari za udhu. Lakini nimelelewa katika nyumba ambayo tahara ndilo somo la kwanza. Kabla sijajua alifu nilijua kujisafisha. Kubeba najisi tumboni, mchana na usiku, mpaka kufa: hicho ndicho kisu nilichokiogopa, zaidi ya kile cha chuma.

Tukampigia mjomba, ambaye amefundisha madrasa tangu kabla sijazaliwa. Mama akaweka spika.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Nimeelezwa. Nijibu jambo moja: hicho kitu kitatoka kwa hiari yako, au chenyewe?”

“Chenyewe, mjomba. Hakizuiliki.”

“Basi wewe ni mwenye udhuru. Wakati wa sala ukishaingia utamwaga mfuko, utajisafisha, utatawadha, utaswali. Kila faradhi na udhu wake. Haya yamo vitabuni miaka na miaka, watu walikuwa wanaugua kabla yako.” Akakohoa. “Afadhali nikusikie unaniuliza habari za udhu kuliko nipande basi kuja kuswalia jeneza. Mpe mama yako simu.”

Sijui alimwambia nini. Mama aliitoa spika, akasikiliza, akasema “Haya, kaka” mara tatu. Kisha akaniletea kalamu. Nikasaini karatasi ya ridhaa.

*

Walitoa sehemu kubwa ya utumbo mpana, wakaacha kipande cha mwisho kule chini, kwa sababu katika hali ya dharura hawapendi kuchimba hadi huko. Siku mbili sikuangalia. Siku ya tatu muuguzi alisema, “Huyu utaishi naye, mfahamiane,” akabandua mfuko. Kilikuwa chekundu, chenye unyevu, kama ndani ya mdomo, kimechomoza kiasi cha ncha ya kidole. Nilikigusa. Hakikuuma. Ngozi ya utumbo haina hisia hizo.

Kuchomoza kule kuna historia. Zamani utumbo uliachwa wazi tu juu ya tumbo, na majimaji yake, yaliyojaa vimeng'enyo vya kusaga chakula, yaliunguza ngozi mpaka wagonjwa wakajuta kupona. Mwaka 1952 daktari wa Uingereza, Bryan Brooke, alieleza njia ya kuukunja ukingo nje kama unavyokunja mkono wa shati, ili majimaji yadondokee mfukoni na si kwenye ngozi. Mkunjo mmoja tu.

Na mfuko wenyewe una historia inayonigusa zaidi. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alikuwa na dada aliyefanyiwa upasuaji wa aina hii na akawa anaogopa kutoka nyumbani. Elise akafikiria mfuko mwembamba wa plastiki wenye gundi, unaobandikwa kwenye ngozi. Alitaka dada yake atoke nje. Nilipomsimulia dada yangu, ambaye ni fundi cherehani, hakusema kitu. Wiki iliyofuata alinishonea vifuniko vinne vya kitambaa, viwili kutoka kwenye vipande vya kanga ya mama, ili plastiki isinigandie kwenye joto la Dar.

Sitasema maisha yamekuwa mepesi. Bila utumbo mpana maji na chumvi vinakimbia. Mwezi wa kwanza nilizimia kituoni Mwenge, nikatundikiwa dripu, na tangu hapo chupa yangu ya maji ya ORS haikai mbali. Mahindi ya kuchoma nayatafuna kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Tumbo linaweza kunguruma katikati ya semina, kila mtu akasikia. Mifuko ikiadimika madukani, najikuta nakaa na mmoja siku nyingi kuliko inavyotakiwa, na ngozi inalalamika. Ramadhani iliyopita daktari alinikataza kufunga, nikatoa kibaba kwa kila siku. Nilikaa na familia wakati wa futari nikiwa nimekula mchana, na nililia kidogo jikoni ambako hakuna aliyeniona.

Lakini siku moja, miezi minne baada ya upasuaji, nilipanda mwendokasi Kimara kwenda Kivukoni. Nilisimama njia nzima, basi limejaa, nikisoma makala kwenye simu. Tulipofika mwisho nikagundua sikuwa nimehesabu. Tulikuwa tumepita Ubungo, Magomeni, Fire, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja choo kiko wapi. Nilikaa kwenye benchi la kituo nikitazama pantoni la Kigamboni likivuka, nikijaribu kuikumbuka ile ramani. Baadhi ya vyoo nilikuwa nimevisahau.

*

Sasa lipo swali jingine. Kile kipande kilichobaki chini bado kinaumwa, na hakiwezi kuachwa milele bila uangalizi kwa kuwa uvimbe wa miaka mingi unaweza kuzaa saratani. Kukitoa kuna njia mbili. Moja ni kukitoa na kufunga, nibaki na mfuko maisha yangu yote. Nyingine ilielezwa mwaka 1978 na Parks na Nicholls wa London: utumbo mwembamba wenyewe unakunjwa na kushonwa uwe kifuko cha ndani, kinaunganishwa chini, na mtu anarudi kwenda chooni kwa njia aliyozaliwa nayo. Hakuna mfuko wa nje. Lakini ni upasuaji zaidi ya mmoja, ni kwenda haja mara tano au sita kwa siku, na kwa wengi kifuko hicho nacho huvimba wakati fulani na kuhitaji dawa. Na kisu, iwe njia hii au ile, kitapita karibu na mishipa ya fahamu ambayo kijana wa umri wangu hapendi kuona kisu kikipita karibu nayo.

Daktari anataka jibu mwezi ujao. Safari hii sijajiuliza njia ipi iko mbali zaidi na kisu. Nimeandika karatasi mbili: moja ya siku ya kawaida nikiwa na mfuko, nyingine ya siku ya kawaida nikiwa na kifuko, kuanzia alfajiri hadi isha, nani yupo, nakwenda wapi, nakula nini. Bado nazisoma zote mbili.

Mama yeye ameshaamua. Jana usiku alinipigia. “Fanya hiyo ya ndani, mwanangu, urudi kuwa kama zamani.”

“Zamani ipi, mama?”

Alinyamaza. Nilisikia redio ya jirani yake, na mtu akiita mtoto.

“Haya,” alisema. “Duka la dawa la hapa kwetu wameleta mifuko. Nikuwekee kwenye basi la asubuhi?”

“Niwekee. Mwambie ile yenye tundu la kukata mwenyewe.”

“Ngapi?”

“Kumi kwanza, mama. Halafu tutaona.”